Taa Haikuwaka: Jibu kwa Kijana Aliyekabwa Akitafuta Ndoto

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 23, niko chuo mwaka wa tatu. Kwa miezi kadhaa sasa najaribu kuota huku nikijua kwamba naota. Nilisoma kwamba njia ya haraka ni kulala chali bila kutikisika, ili mwili udhani umelala huku akili iko macho, mpaka mwili upooze. Ukishapooza, ndoto inafunguka. Basi kila usiku saa nne najilaza hivyo dakika arobaini, hamsini. Ganzi inakuja, miguu inakuwa mizito, halafu basi; najikuna, nageuka, nalala. Lakini mara tatu nimekabwa kweli. Ya kwanza saa kumi na moja alfajiri, nilipozima alamu nikarudi kulala. Ya pili saa tisa mchana, baada ya kukesha nikisomea mtihani. Ya tatu alfajiri tena: nilihisi mtu amesimama mlangoni, kifua kikabanwa, nikataka kupiga kelele sauti haitoki. Nikajikwamua kwa nguvu zote, nikaenda kuwasha taa, haikuwaka. Nikajua umeme umekatika, nikarudi kitandani. Hapo ndipo nikaamka kweli, na umeme upo, feni inazunguka. Mama anasema hilo ni jinamizi, niache mchezo huo. Rafiki yangu anasema nilikuwa mlangoni kabisa mwa ndoto, woga ndio ulioniangusha. Nani mkweli? Na mtu anaweza kukwama humo, au pumzi ikakata?

JIBU: Marahaba. Nianze na la mwisho, maana nadhani ndilo lililokufanya uandike. Pumzi haikatiki, na hakuna anayekwama humo. Hali hiyo huchukua sekunde kadhaa, mara nyingine dakika mbili tatu, kisha huachia yenyewe, uwe umepigana nayo au umetulia. Mama yako na rafiki yako nitawarudia. Kila mmoja kapatia kitu na kukosea kitu.

Kwanza rudi uyasome maelezo yako mwenyewe. Umenitajia saa, jambo ambalo wengi wanaonijia hawalifanyi. Usiku wote uliojilaza saa nne kama gogo hukukabwa hata mara moja. Ulikabwa alfajiri mara mbili na mchana mara moja, na nyakati hizo hukuwa ukitafuta kitu, ulikuwa unalala tu kama watu wengine. Hapo tayari nusu ya ulichosoma imeanguka.

Usingizi wa usiku huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90 hivi. Ukianza kulala unaingia usingizi mwepesi, kisha mzito, ule ambao mtu akikuita huitiki. Baada ya saa moja na zaidi ndipo unapofika usingizi wa aina nyingine kabisa: macho yanakimbia huku na huku chini ya kope, ubongo unachangamka karibu sawa na wa mtu aliye macho, na ndoto ndefu zenye visa zinatokea. Wataalamu huuita remu. Mimi hapa nitauita usingizi wa ndoto, ingawa vijindoto hutokea pia nje yake. Uligunduliwa Chicago na kutangazwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman. Aserinsky alikuwa mwanafunzi asiye na fedha, na mmoja wa watu wa kwanza aliowabandika nyaya za mashine kichwani usiku alikuwa mwanawe mwenyewe wa kiume. Kinachokuhusu wewe ni mgawo wake: mzunguko wa kwanza hukupa dakika chache tu za usingizi huo, lakini kadiri kunavyokaribia kucha unarefuka, mpaka nusu saa na zaidi kwa mkupuo mmoja. Anayetafuta ndoto saa nne usiku ni sawa na anayekwenda feri kununua samaki wakati mashua ndiyo kwanza zinatoka.

Sasa huko kupooza. Ukiota unakimbia, ubongo unatoa amri ya kukimbia kweli. Miguu haiendi kwa sababu kuna kundi dogo la seli kwenye shina la ubongo ambalo, kila usingizi wa ndoto unapoingia, hufunga, kama kufuli, njia ya amri hizo kuelekea kwenye misuli. Hutumia kemikali mbili, glisini na gaba, kuzizima neva zinazoivuta misuli. Mfaransa Michel Jouvet alilionyesha hili kule Lyon kwa paka: alipoharibu sehemu hiyo ndogo ya shina la ubongo, paka aliyelala aliinuka, akanyemelea panya asiyekuwepo, akapigana na adui asiyeonekana. Wapo na wanadamu ambao kufuli lao huharibika ukubwani, hasa wanaume wazee. Humpiga ngumi mke aliye kando huku wakiota wanamfukuza mwizi, na mwanamume wa namna hiyo apelekwe kwa daktari mapema, kwa kuwa baadhi yao baadaye hupata ugonjwa wa Parkinson.

Kwa hiyo wewe hupoozi usiku wa jinamizi peke yake. Unapooza kila usiku, mara nne au tano, tangu utotoni, na hujui kwa kuwa wakati huo umelala. Kukabwa ni pale fahamu zinaporudi kabla kufuli halijafunguliwa, au kufuli linapofungwa kabla fahamu hazijaondoka. Kosa la mpangilio wa dakika, hakuna zaidi.

Ndiyo maana ganzi yako ya saa nne haikuwa mwanzo wa kupooza. Ilikuwa ganzi ile ile ya mtu aliyekaa mkao mmoja kwenye mkeka wa matanga. Uzito wa miguu ni misuli iliyolegea na ngozi iliyoacha kutoa habari kwa sababu hakuna kinachobadilika. Ungeamua kusogeza mguu, ungesogea. Huwezi kuuhadaa mwili ukaingia usingizi wa ndoto kwa kutojikuna. Mwili una ratiba yake. Na kile kisa cha saa tisa mchana? Ulikuwa umekesha. Ubongo unaodai usingizi, hasa ukikatizwa, unaweza kuruka hatua na kutumbukia kwenye usingizi wa ndoto upesi, na hapo fahamu na kufuli hugongana kirahisi. Wajapani wana jina la hali hii, kanashibari, kufungwa kwa chuma, na watafiti wao waliizalisha maabara kwa makusudi: waliwaamsha watu katikati ya usiku, wakawaweka macho kwa muda, wakawarudisha kulala. Matokeo yao yalitoka mwaka 1992. Ulichokifanya wiki ya mtihani ni jaribio hilo hilo, ila bila mtu wa kukuangalia.

Kifua kubanwa kunatisha kuliko yote, kwa hiyo nikueleze vizuri. Kufuli linapofungwa, misuli ya katikati ya mbavu hulegea pamoja na mingine. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, huachwa kiendelee na kazi. Macho nayo huachwa huru. Hewa inaingia na kutoka kama ya mtu yeyote aliyelala. Tatizo ni kwamba wewe umeamka na unataka kuvuta pumzi kubwa ya mtu mwenye hofu. Unaagiza, mbavu haziitiki. Kwa ubongo, kifua kisichopanuka ni kifua kilichokaliwa. Na yule mtu wa mlangoni ana asili yake pia: katika usingizi wa ndoto, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari huwa zimechangamka sana. Unafumbua macho gizani, huwezi kusogea, na king'ora kinalia ndani. Akili haikubali kwamba king'ora kinalia bure, inatafuta mwizi. Na kwa kuwa sehemu nyingine ya ubongo bado inaota, mwizi anapatikana, mara nyingine na sura na nguo na harufu.

Hapo ndipo mama yako alipopatia: anachokiita jinamizi kipo. Waarabu humwita jathumu, mwenye kuotama juu ya kitu. Watu wa Newfoundland, Kanada, humwona kikongwe. Tofauti za majina ni nyingi, lakini habari ni ile ile kiasi kwamba ukimpa mtu wa Tanga simulizi ya mtu wa Osaka ataimalizia mwenyewe. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani walijumlisha tafiti nyingi zilizokwishafanywa, wakapata kwamba karibu watu 8 katika 100 wamewahi kukabwa walau mara moja maishani. Kwa wanafunzi walikuwa 28 katika 100. Hao ndio nyinyi, wa kulala saa nane na kuamka na alamu.

Huwezi kuzungumzia haya kwa Kiswahili ukaacha kutaja Popobawa, yule pepo anayesemwa kuvamia watu usiku. Mwaka 1995 Pemba na Unguja watu waliacha vyumba vyao wakatoa mikeka nje, wakalala kwa makundi kando ya moto, kwa kumhofia. Wengi waliosimulia walieleza kuamka wamegandamizwa, hawawezi kusogea wala kuita, na baadhi ya waliochunguza habari zile walitambua humo kukabwa usingizini. Sidai kwamba hilo linaeleza kila kilichotokea. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na hofu zilikuwa za aina nyingi. Ila kama daktari naona jambo moja: mji unaolala kwa kushtuka-shtuka, ukiamshwa kwa kelele na kurudi kulala na hofu kifuani, unajitengenezea usiku ule ule wa maabara ya Wajapani. Hofu inakata usingizi, usingizi uliokatika unaleta kukabwa, kukabwa kunaleta hofu.

Sasa rafiki yako. Anasema ulikuwa mlangoni ukaogopa. Kijana wangu, hukuwa mlangoni. Ulikuwa umeshaingia ndani, umetembea sebuleni, na umetoka bila kujua.

Soma tena kisa cha tatu. "Nikajikwamua kwa nguvu zote, nikaenda kuwasha taa, haikuwaka." Halafu ukaamka, na feni inazunguka. Basi yule aliyekwenda kuwasha taa alikuwa nani? Ulikuwa unaota. Kukabwa kuliisha kwa kuingia ndotoni moja kwa moja, na ndoto ikakuchorea chumba chako mwenyewe. Tunaita kuamka kwa uongo. Ndicho kitu ulichokuwa ukikitafuta muda wote huu, kilikuja chenyewe, na ulichohitaji ni kushtuka tu kwamba hii ni ndoto.

Wazungu huwafundisha wanaojifunza mambo haya wajaribu swichi ya taa, kwa kuwa ndotoni mara nyingi taa hugoma kuwaka. Ushauri mzuri kwa aliyezaliwa Stockholm. Kwetu mtu akibonyeza swichi giza likabaki, hashangai hata kidogo, anatafuta mshumaa. Wewe ulifikiri kama Mtanzania yeyote, ukarudi kitandani. Kwa hiyo tumia vipimo vingine. Bana pua kwa vidole, funga mdomo, jaribu kuvuta hewa: ikipita, unaota, kwa sababu pua yako ya kweli iko kwenye mto na haijabanwa na mtu. Au soma maandishi, tazama pembeni, yasome tena. Ndotoni mara nyingi hubadilika. Fanya hivyo mchana mara kadhaa, ukiwa na nia ya kuuliza kweli na si kwa mazoea, na ufanye kila mara unapoamka.

Kwamba jambo hili lipo na si porojo, ushahidi ni mkongwe kidogo. Neno lenyewe la Kiingereza, lucid dream, yaani kuota ukijua kwamba unaota, lilitumiwa na daktari wa akili wa Uholanzi, Frederik van Eeden, mwaka 1913, lakini wanasayansi hawakuamini kwa miongo mingi. Walisema anayedai hivyo ameamka kidogo tu. Aprili 1975, Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na mwotaji aitwaye Alan Worsley: ukijitambua ndotoni, peleka macho kushoto kulia mara kadhaa. Macho, kumbuka, kufuli haliyagusi. Ishara ikaja kwenye karatasi ya mashine huku vipimo vingine vikionyesha mtu amelala. Mtafiti Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifanya kazi ya namna hiyo miaka michache baadaye bila kujua ya Hearne. Na mwaka 2021 timu za nchi nne zilitangaza kwamba waliwauliza waotaji maswali wakajibiwa. Mmoja aliulizwa nane kutoa sita, akajibu mbili kwa macho.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni kuwa ndani ya ndoto tayari kisha ukajitambua. Wa pili ni kupita moja kwa moja kutoka kuwa macho hadi ndotoni bila fahamu kukatika, ndio ulioung'ang'ania. Maabara ya LaBerge yenyewe ilipata ndoto nyingi zaidi kupitia mlango wa kwanza. Wa pili upo, lakini ni mwembamba, na kukabwa si ngazi ya lazima ya kuufikia. Wengi wanaopita hapo hawahisi kupooza kabisa. Wanaona picha, kisha wako ndani ya picha.

Kama unataka kuendelea, mimi ningefanya hivi. Lala mapema, mwenyewe, bila kujaribu chochote. Weka alamu baada ya saa tano hivi. Ukilala saa nne usiku, amka kama saa tisa. Kaa macho dakika chache, andika ndoto uliyotoka nayo hata kama ni mabaki. Kisha rudi kitandani kwa ubavu, si chali. Rudia ndoto ile kichwani, jione ndani yake ukigundua kwamba unaota, na ujiambie kwa kumaanisha: nikiota tena nitakumbuka kwamba naota. Halafu lala. Hii ni njia ya LaBerge, na mtafiti Denholm Aspy aliipima Adelaide, Australia, pamoja na kuamka huko kwa usiku na vile vipimo vya mchana. Matokeo ya 2017 yalionyesha ilifaulu kama mara 17 katika majaribio 100. Waliopata usingizi ndani ya dakika tano tangu wamalize kujiambia walifaulu karibu mara 46. Umeelewa maana yake? Waliofaulu zaidi ni waliolala upesi. Wewe ulikuwa unashindana kutolala dakika hamsini.

Ukitaka hasa ule mlango wa pili, wakati wake ni huo huo wa alfajiri. Katika mang'amung'amu ya usingizi utaanza kuona madoa ya mwanga, sura za watu usiowajua, sauti ikikuita jina. Yaangalie kama abiria anavyoangalia dirishani, usiyakazie macho. Ukiwashwa, jikune. Ukitaka kumeza mate, meza. Hakuna kinachoharibika. Mtu akishtuka ghafla kama anayeanguka ngazi, huo ni mshtuko wa kawaida wa kuanza kulala.

Na ukikabwa tena, usisukume mwili mzima. Amri kubwa haipiti, na kushindwa kwake ndiko kunakozidisha hofu. Fumba macho. Achia pumzi iende yenyewe, usiitawale. Ukitaka kutoka, kazania ncha ya kidole kimoja cha mguu au cha mkono. Aliye karibu akikugusa pia mara nyingi hufungua. Ukitaka kuingia, usikazanie mwili kabisa. Fikiria uwanja wa shule yako ya msingi, au baraza la nyumba ya bibi, na ujione umesimama hapo. Aliyefahamu kinachotokea mara nyingi hugundua kwamba yule wa mlangoni hupungua sura asipoangaliwa kwa hofu.

Yapo masharti. Usifanye hivi zaidi ya mara moja au mbili kwa wiki, na kamwe si usiku wa kuamkia mtihani wala safari ya kuendesha pikipiki, kwa sababu kila jaribio linakatwa kwenye usingizi wako, na usingizi uliokatwakatwa ndio unaoita kukabwa. Vidonge vinavyouzwa mtandaoni kwa ajili ya ndoto uviache. Kimojawapo, galantamini, ni dawa ya wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kama wewe au ndugu wa karibu mmewahi kuugua akili kiasi cha kusikia sauti mkiwa macho, au kama kuna tukio baya linalokurudia usiku, acha kabisa mazoezi haya na uongee na mtu wa afya ya akili. Na ukiona unasinzia mchana katikati ya maongezi ingawa umelala vya kutosha, au magoti yanalegea ukicheka sana, nenda kwa daktari wa neva. Huo ni ugonjwa unaojulikana, unaoitwa nakolepsi, na una dawa. Wanaokoroma mpaka wakakata pumzi nao waende.

Mama yako sikubaliani naye kwamba umechezea kitu kibaya, ila usibishane naye kuhusu dua. Mtu anayelala ametulia hukabwa kidogo kuliko anayelala na wasiwasi. Na kama amekufundisha tangu utotoni kulalia ubavu wa kulia, basi alikupa tiba kabla yangu: wanaokabwa, wengi hukutwa wamelala chali, mkao ule ule uliokuwa ukijilazimisha kila usiku.

Endelea kuniandikia saa. Na siku nyingine taa isipowaka alfajiri, bana pua kwanza kabla hujatafuta mshumaa.